Yowe la Pasiansi

Mvua ya kawaida Dorotea hakuwa na neno nayo. Wingu la kijivu likitanda, unaanua mihogo, unaingiza kuni ndani, basi. Lakini wingu la asubuhi ile lilikuwa jeusi tititi, limeinama mpaka kugusa ziwa, na chini yake mstari mweupe wa povu ulikuwa unakuja mbio. Upepo ulikuwa umekata kabisa. Zama zile za Mwingereza, watu wa kijiji cha Pasiansi waliiogopa dhoruba ya namna hiyo kuliko askari wa kodi.

Mumewe, Venant, na shemeji yake, Luhaga, walikuwa mtumbwini wakitega nyavu nyuma ya jabali lililosimama majini. Jabali lilikuwa limewaficha wingu. Wakibaki pale, lingewakinga. Wakianza safari ya kurudi, dhoruba ingewakuta katikati, mahali pasipo na pa kushika.

Dorotea akapanda juu ya mwamba wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, akapiga yowe.

"Kaeni hapo hapo! Dhoruba! Msitoke!"

Masikini, maneno hayafiki mbali juu ya maji. Kinachofika ni yowe lenyewe, na yowe kwa Wasukuma lina sheria yake: ukilisikia, unaacha ulichoshika na kukimbilia lilikotoka, iwe ni wezi wa ng'ombe, iwe ni moto. Wanaume wakaja mbio kutoka mashamba ya pamba, wana mikuki na marungu.

"Wako wapi?" akauliza Kashindye, jirani yake, huku akihema.

"Hakuna mwizi. Ni dhoruba. Namwambia Venant akae."

Kashindye akatazama ziwani. "Mama, mbona anakuja?"

Kweli, mtumbwi ulikuwa umeachana na jabali. Dorotea akakatisha yowe palepale, akawa anapunga khanga kuwarudisha. Hapo ndipo alipoharibu zaidi, maana yowe likikatika ghafla watu hudhani anayelipiga ameshauawa. Makasia yakaongeza kasi. Wanaume wote pale mwaloni waliliona hilo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Wakaanza nao kupunga mikono, na kwa mtu aliye mbali ilikuwa kama kundi linalopigana.

Povu likazunguka jabali, likaufunika mtumbwi. Mvua ikashuka, na ziwa lote likapotea machoni.

Ilipopungua, wakamkuta Luhaga amelala mchangani, kasia bado kiganjani. Venant hakuonekana. Dorotea akapiga magoti, akamfuta mchanga usoni. Alitaka kuuliza, na aliogopa kuuliza.

Luhaga akafumbua macho, akamwona. Akashtuka, akamshika mkono kwa nguvu.

"Shemeji! U mzima?"

"Mzima."

"Nani alipiga yowe?"

Kashindye akainamisha kichwa. Angeweza kusema lolote, hata kumtaja mtu wa kijiji kingine, na Dorotea aliona kwamba alikuwa tayari kufanya hivyo.

"Ni mimi," akasema Dorotea. "Niliwaambia mkae."

Luhaga akauachia mkono wake.

"Nilimwambia tungoje, maji yamebadilika rangi," akasema. "Akakataa. Alisema, hiyo ni sauti ya mke wangu, piga kasia."