Lulu za Wema

Bibi Laudomia alitaka Wema avishwe lulu, na Wema havai lulu. Kila mchoraji wa Bologna alilijua hilo tangu akiwa bado mwanafunzi wa kusaga rangi za watu. Kwenye picha, Wema husimama na gauni jeupe la kawaida, jua kifuani, mkuki mkononi, mguu juu ya shingo ya Mali. Mali ndiye hulala chini na taji lake, bangili zake na mtungi wa sarafu uliomwagika. Ukiwaona hivyo huulizi nani ni nani.

Ila safari hii uso wa Wema ulikuwa wa Bibi Laudomia mwenyewe, mke wa Ottavio Bendoni muuza hariri.

"Fundi Ercole," alisema, pua ikikaribia kugusa rangi mbichi, "hivi mimi hapa nafua nguo za nani?"

"Wema ndivyo anavyovaa, bibi."

"Huyo Wema wa kwenu. Mimi watu watakula wakinitazama. Niwekee lulu zangu. Na gauni liwe la hariri. Au hujasikia mume wangu anauza nini?"

Ercole alipaswa kukataa, na alijua. Lakini kwao baba wa binti ndiye hutoa mahari, na malipo ya picha ile ndiyo yangemwoza binti yake, Ippolita, kwa Petronio, mtoto wa Zenobio mwenye kinu cha kusokotea hariri. Harusi ilikuwa baada ya mavuno ya zabibu. Akaweka lulu. Akaweka na hariri.

Bibi akarudi na neno jingine. "Huyu wa chini ananizidi kung'aa. Mvue."

Huyo wa chini alikuwa Ippolita. Wachoraji wote walichora mabinti zao, na hakuna aliyeona ubaya. Akishavaa taji mtu si binti wa fulani tena, ni Mali. Ercole alikuwa ameshika brashi anafuta bangili ya pili Ippolita alipoingia na mkate.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakupunguzia mzigo."

"Usinitanie. Ukifuta taji na bangili, pale chini nitabaki nani?"

"Mali."

"Mali gani hana kitu? Nitabaki mimi, Baba. Mimi na mguu wa yule mama shingoni."

"Uko gizani pale, nani atakuangalia? Nipe mafuta ya kitani."

Akampa. Ercole akachora shingo tupu, bega tupu, nywele zilizofumuka. Mtungi aliuacha, maana bila mtungi sehemu yote ya chini ingekuwa shimo jeusi. Sarafu zikabaki zikibingirika kuelekea kiatu cha Bibi Laudomia.

Picha ilifunuliwa sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, nguruwe wa kuchoma akiwa mezani. Pazia likavutwa. Kisha Sante, mwandishi wa mikataba, akafuta mafuta kidevuni.

"Ottavio, ndugu yangu, mbona mkeo anamkanyaga maskini?"

Meza nzima ikacheka.

"Na kamwibia juu ya hapo! Tazama hela zinavyomkimbilia!" akadakia mwingine.

Ercole akainuka. "Mabwana, huyo ni Wema. Ana mkuki, ana jua..."

"Mkuki wa kukabia watu!" Sante akainama kuitazama picha vizuri. "Hee, ngoja. Fundi, huyu wa chini si binti yako?"

Upande wa pili wa meza, Zenobio aliweka kisu chini. Hakula tena. Bibi Laudomia peke yake alibaki akiitazama picha ameridhika. "Lulu zimetoka vizuri," alisema.

Kabla juma halijaisha, wanawake wanaofua mferejini walishampa Ippolita jina. "Kapeti la Bendoni hilo linapita! Futeni miguu, jamani!" Ercole alikwenda kuomba airekebishe picha bure. Bendoni akamjibu mlangoni kwamba mkewe ameipenda, basi.

Zenobio alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Ercole, tumetoka mbali mimi na wewe. Lakini mwanangu ataingiaje kanisani na kapeti la watu?"

"Ni picha tu, Zenobio."

"Ungemwachia taji hakuna ambaye angemtambua. Hakuvuliwa na mtu mwingine. Ulimvua wewe."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Bibi Laudomia alilipa malipo yote, hakupunguza hata senti, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuja kumposa Ippolita, Ercole aliyatumia kumwingiza kwa watawa, ambao nao hutaka mahari. Picha ile ilimgharimu harusi. Ilimgharimu Zenobio, rafiki wa tangu ujana, ambaye sasa akimwona huvuka barabara. Ilimgharimu nywele za binti yake, zilizokatwa siku alipoingia utawani. Ilimgharimu na sauti ya binti huyo nyumbani. Siku hizi humsikia nyuma ya nondo za dirisha la watawa, akimwambia kwamba hajambo na anakula vizuri, hana jingine. Na hakuna mwanamke mtaani anayekubali kukaa mbele yake achorwe. Anachora matunda.