Sauti Iliyotoka Kwenye Runinga ya Bwalo

"Ijulikane kwa walimu, wanafunzi, wapishi na paka wa jikoni, kwamba leo saa nane kamili mchana, Mheshimiwa Profesa wa Kidato cha Tatu ataunganisha kompyuta na runinga ya bwalo, na shule hii haitabaki kama ilivyokuwa!"

Tangazo hilo alilitoa Profesa mwenyewe, akiwa amesimama juu ya benchi. Benchi likayumba, naye akatua sakafuni kwa makalio.

Uprofesa alipewa bwenini, kwa kuwa ndiye aliyeielewa laptopu kuukuu ya chama cha kompyuta, inayotumia mfumo wa Linux badala ya Windows. Wenzake waliigusa kama wanaogusa sufuria ya moto.

Siku hiyo Matroni alikuwa anaagwa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewaamsha watoto wa watu, akawapima homa na kuwanyang'anya redio. Binti yake, anayefanya kazi mbali na ambaye hajafika nyumbani mwaka wa sita sasa, alikuwa ametuma video. Matroni hakuwa ameiona. Alikaa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani, macho kwenye runinga kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

Profesa akachomeka waya. Picha ikajaa kioo kizima, binti akafumbua mdomo, runinga kimya. Kijisauti chembamba kilitoka kwenye laptopu na kufia mezani.

"Mtoto wa watu kageuka mbu?" mpishi akanong'ona.

"Huo waya mbovu," alisema mwalimu wa kompyuta.

"Waya mzima, Mwalimu. Hii kompyuta imepeleka picha tu. Sauti nayo mpaka uiambie pa kutokea."

Hapo Profesa alikuwa sahihi, na laiti angeishia hapo. Aliifunga video ili aianze upya, akafungua mipangilio ya sauti, akaacha spika za laptopu na kuchagua runinga, kisha akapandisha sauti mpaka mwisho. Badala ya kuifungua tena video, akainua kidole juu, akatazama hadhira, akabonyeza kitufe cha kuchezesha.

Kitufe kile huendeleza chochote kilichoachwa njiani, na kilichoachwa njiani ilikuwa sauti iliyorekodiwa bwenini.

"Amkeni, magunia ya viazi nyie!" runinga ikanguruma, kwa sauti ya mtu anayemwigiza Matroni, iliyopitishwa puani. Bwalo likaangua kicheko. Matroni mwenyewe alicheka, akapiga paja.

Profesa hakucheka. Alijua kinachofuata.

"Mwanangu anakuja likizo hii! Kasema anakuja! Mbona haji? Labda miaka sita anatafuta geti!"

Kwenye runinga bweni zima lilisikika likicheka. Bwaloni hapakuwa na aliyecheka. Profesa akachomoa waya, lakini sauti ikarudi kwenye laptopu na kuendelea, nyembamba, "kasema anakuja, kasema anakuja," mpaka akaifunika kwa kiganja, kana kwamba ni mdomo wa mtu.

"Nani huyo?" mkuu wa shule akauliza.

Laptopu ile ilitumiwa na wanafunzi arobaini, na sauti ile haikufanana na ya yeyote. Profesa alitazama kucha zake.

"Kompyuta iko chini yangu, Mkuu," mwalimu wa kompyuta akasema polepole. "Nitajibu mimi."

"Yaishe jamani," Matroni akasema. Alikuwa akikunja leso, akiikunjua, akiikunja tena. "Mniwekee mwanangu nimsikie."

Profesa akarudisha waya, akachagua tena runinga, safari hii akaifungua video yenyewe. Sauti ikatoka safi, ikafika mpaka dirisha la jikoni.

"Mama," binti akasema, "najua kila likizo unawaambia watoto wa shule kwamba nakuja, halafu siji. Najua wanakucheka. Nisamehe, Mama."

Matroni aliitikia kwa kichwa, kama vile binti anamwona.

Video ilipokwisha, Profesa alijikuta amesimama mbele yake. Hakupanda benchi.

"Ni mimi, Matroni," alisema, masikio yakimwaka. "Ile sauti ni yangu. Mwalimu hahusiki. Na sikuropoka tu. Niliirudia mara tatu, mpaka ile sehemu ya geti ikatoka vizuri."