Bipu kutoka Ihumwa

Bakuli la bati lilitetema mara moja kabatini, likanyamaza. Bi Stara alikuwa anatawadha. Alitabasamu gizani, akafuta mikono kwa kanga, akaitoa simu bakulini. Kioo kilitoa mwanga wa kijani, naye akasoma polepole, herufi kwa herufi: Bibi Ihumwa.

Akabipu. Mlio mmoja, akakata.

Ulikuwa mwaka ambao simu za mkononi zilianza kufika kwa watu wa kawaida pale Dodoma. Swalihu, mwanawe fundi cherehani, alimnunulia simu hii stendi ya mabasi kwa kijana asiyemjua, bei ya kutupa, bila risiti, laini ya mtu ikiwa bado ndani.

"Na hili jina?" mama alimuuliza.

"La zamani hilo. Ukibipiwa, mama, na wewe bipu. Hukatwi hata senti."

Alfajiri tisa walibipiana. Baada ya sala, Bi Stara alibaki juu ya mkeka akimwona akilini huyo mtu wa Ihumwa: shuka begani, moshi wa mafiga, treni ikipita mbali huku nyota hazijazimika. Aliona kama wao ni wanawake wawili wanaoota ndoto moja, kila mmoja kitandani kwake.

Siku ya kumi simu haikukatika. Iliita, ikaita, mpaka akapokea.

"Debora! Jumapili hukuja, mjukuu wangu, una nini? Karanga nilizokuwekea zimeingia wadudu."

"Samahani, dada yangu. Mimi siye Debora."

Jogoo aliwika huko Ihumwa.

"Sasa anayenijibu kila siku ni nani? Tulikubaliana na mtoto, nikimbipu naye anibipu, nijue kaamka mzima."

Bi Stara alimweleza simu ilivyonunuliwa, akaahidi kumtafuta mtoto.

Swalihu alipoambiwa aliiacha chai. "Itupe chooni! Anayekutwa nayo ndiye mwizi. Nitafungwa mimi, na yule kijana yuko stendi anauza nyingine."

"Na huyo msichana?"

"Mama, simjui!"

"Siku tisa nimemwambia bibi yake kwamba ni mzima. Nimesema mimi, Swalihu, kwa kidole hiki."

Swalihu alikitazama kile kidole, kilichochomwa na sindano zake tangu alipokuwa anajifunza kushona kwa mama. Akavaa viatu kimya kimya.

Mzee Damas, balozi wao wa nyumba kumi, aliwasindikiza kituoni ili ashuhudie kwamba wamekwenda wenyewe. Hata hivyo simu ilichukuliwa na Swalihu akawekwa ndani. Bi Stara alimpelekea uji, kisha akaenda hospitali kuuliza wodi kwa wodi. Katika wodi ya tatu muuguzi alimshika mkono. Yuko msichana aliyeporwa mkoba, akaangushwa, akagonga kichwa. Aliletwa bila kitu cha kumtambulisha. Jana tu ndipo alipolitaja jina lake.

"Debora?"

"Ndiye. Anamuulizia bibi yake."

Debora alimwelekeza nyumba, na mchana ule ule Bi Stara akafika Ihumwa. Bibi yake Debora, Loisi, alikuwa vilevile alivyomwona mkekani, hata shuka, ila mfupi zaidi. Hakumgombeza. Alimpa maji ya kunywa kwanza.

Walipotoka kumwona Debora, Loisi alikwenda moja kwa moja kituoni. "Huyu kijana amekosa," aliwaambia askari. "Lakini wangeitupa ile simu, mjukuu wangu angelala pale hospitali, na mimi nisingejua alipo."

Jioni Swalihu alitoka kwa dhamana, baada ya kukubali kwenda na askari stendi kumwonyesha aliyemuuzia. Kesi haijaisha. Kila Jumatatu anafunga cherehani na kwenda kuripoti, na wateja wengine wameshahama.

Debora aliporuhusiwa, Bi Stara alimpeleka mpaka Ihumwa, akamtandikia, akaaga. Loisi alimfuata hadi njiani, akamfungia karanga kwenye pindo la kanga.

"Mama Swalihu, simu wanayo polisi. Sasa alfajiri nitajuaje kama umeamka?" Alikaza fundo kwa vidole viwili. "Jumapili uje tena. Uje nikuone."