Mrushaji Anatafuta Kazi

Dukani kwa Tavárez mayai yalikuwa yamepanda tena, na kwa Eladio Cuevas yalipanda zaidi. Alipouliza mbona jirani kalipa kidogo, mwenye duka akamwambia aache ubahili, mtu mzima aliyekula dola. Eladio akachukua ndizi za kuponda tu, akaondoka mbiombio, roho haitulii.

Dola alizila, ndiyo. Timu ya Marekani ilimsajili akiwa na miaka kumi na saba. Dalali aliyemfundisha kurusha mpira wa besiboli kando ya mashamba ya miwa akakata theluthi ya hela ya usajili, maana hapa San Pedro ndiyo desturi, hakuna anayeiita wizi. Iliyobaki ikajenga nyumba ya mama, ikazika watu, ikaezeka kanisa. Miaka ya ligi ndogo huko Marekani alilipwa hela ya mkate. Msimu mmoja tu alipanda ligi kuu akalipwa vizuri, kisha kano ya kiwiko ikakatika na timu ikamtakia heri. Mji mzima bado unahesabu ule msimu mmoja.

Sasa alichotaka ni kazi ya kutunza uwanja wa manispaa: kusawazisha udongo, kuchora mistari ya chokaa. Ofisini alishazoeleka kama kiti. Leo Peguero, mkuu wa michezo, alimwita mwenyewe, akamkabidhi jezi mpya. Jioni ligi ya vijana inafunguliwa; arushe mpira wa kwanza, ule wa heshima.

"Na ile kazi, mkuu?"

"Bingwa, wewe ushike reki? Watu watasema tumekudhalilisha."

"Waache waseme. Mke wangu ndiye ananilisha, anafua nguo za watu."

"Acha utani wako, bwana. Kazi nimempa shemeji yangu. Yule kweli hana kitu."

Hata hivyo Eladio aliivaa jezi. Alijiambia kwamba meya atakuwepo.

Jioni akarusha. Mpira ulidunda njiani, kiwiko kikamchoma, watu wakashangilia. Peguero akampa kipaza sauti asalimie.

"Naitwa Eladio Cuevas," akasema. "Natafuta kazi. Yoyote ile, hata ya kufagia."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akarudia, polepole, neno kwa neno. Meya alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa leso, akimwambia Peguero kwamba mabingwa wa zamani bwana, hawana makuu hata kidogo.