Somo la Kwanza la Simba wa Lami

Mume wangu alistaafu udereva wa lori, ila mdomo wake haukustaafu. Siku aliyorudisha funguo alikuja nyumbani na redio ya mawasiliano, ile ya kwenye malori, akaiweka juu ya kabati la vyombo na antena akaipandisha kwenye bati.

"Hii haina vocha wala namba ya kupiga," aliniambia. "Ukiongea, kila mwenye redio kwenye chaneli yako, akiwa karibu, anakusikia."

Nikasema moyoni, Mungu atunusuru.

Akajipa kazi ya kufundisha wageni wa chaneli. Hakuna aliyemtuma. Kila jioni, malori yakianza kushuka mlima, alikamata kipaza sauti kama aliyekamata kuku wa jirani, akaanza: "Simba wa Lami hapa. Wageni, jina la nyumbani liacheni nyumbani, huku tunaitana kwa majina ya barabarani. Sikiliza kwanza, usimkatize mwenzako. Bonyeza kitufe uongee, ukimaliza sema 'ova'. Taa nyekundu ikiwaka, unaongea wewe. Ikizima, unasikia wenzako. Ova."

Mimi nilikuwa namenya viazi, elimu ikaniingia bila ada.

Hakuna aliyemjibu hata siku moja. "Mwanafunzi mzuri hana maswali," alisema, akazima redio, akaridhika. Kimya cha mtu mmoja tu ndicho kilichomchoma: kitinda mimba wetu, aliyekabidhiwa lori lile lile na anayepita barabara ya hapo chini kila wiki.

"Nimemfundisha gia mimi," alilalamika. "Leo anapita bila hata shikamoo." Akaacha kupokea simu za mtoto.

Kijana naye akanipigia mimi. Redio ilikuwa bado ngeni kwake. "Mama, namwamkia kila nikipita. Namsikia kabisa, anakohoa, ananyamaza, hanijibu. Hata sufuria zako nazisikia. Leo asiponiitikia, naomba bosi anibadilishie njia."

Niliumia. Baba na mwana kununiana kwa ajili ya kiboksi. Ila hizo sufuria zilinikaa kichwani. Alizisikiaje, wakati hakuna aliyekuwa akiongea?

Jioni ile Simba wa Lami alimaliza somo, akasema "ova", akatulia kungoja. Kidole gumba kilibaki pale pale. Taa nyekundu inawaka tu.

"Baba watoto, mbona taa haizimi?"

"Usikatize somo."

"Si ulisema ikiwaka unaongea wewe?"

"Ndiyo."

"Sasa unasema nini?"

"Sisemi kitu. Nangoja majibu."

"Unangoja huku umebonyeza?"

"Dereva haachii usukani, mama watoto."

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikamng'oa kidole kwa nguvu, vile nilivyokuwa nikiwanyang'anya wanangu mawe wasitie mdomoni. Redio ikakoroma, nyumba ikajaa wanaume.

"Mzee alikuwa kalala juu ya kitufe tena."

"Mimi hiyo taa nyekundu nimeshaikariri."

"Mkewe ndiye mwalimu. Apewe yeye chaneli."

Kisha sauti niliyoizaa: "Jamani, msimseme. Huyo ni baba yangu. Kumbe alikuwa hanisikii. Shikamoo, Baba. Nimeshavuka daraja, sauti itakatika sasa hivi. Shikamoo."

Mume wangu alibonyeza. Mtu wa maneno mengi vile, siku hiyo alitoa mawili tu.

"Marahaba, mwanangu."

Akaachia haraka, kama aliyegusa chungu cha moto. Taa ikazima. Katikati ya mikwaruzo tukasikia, "Nimekupata, Baba," na kijana akapotelea ng'ambo ya mlima. Mzee alijipangusa macho kwa mkono wa shati, akasingizia vitunguu. Mimi nilikuwa namenya viazi.

Halafu akakohoa, akabonyeza tena. "Wageni, mmeona wenyewe. Hilo lilikuwa zoezi la makosa, nililiandaa makusudi. Ova."

Madereva wakacheka, mmoja akiacha mwingine anapokea, mpaka lori la mwisho likapita. Aliwasikia wote, maana mkono alikuwa ameutia mfukoni.