Kumnawisha Mgeni

Nyumbani kwa Mama Honorata desturi ilikuwa ile ile, tangu Kivu, Kongo, mpaka Langley Park, Marekani: mgeni hali mpaka msichana aliye mdogo kuliko wote apige magoti na kumnawisha. Jumapili hiyo ya mapema mwaka 1998 msichana alikuwa Sikujua, mkimbizi waliyempokea. Akachukua jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya Mwalimu Method.

Mgeni huyu alikuwa amesifiwa mno. Kesho yake angesimama mbele ya jaji kuomba hifadhi ya ukimbizi, na Papa Elkanah, mume wa Honorata, alikuwa amekubali kumtolea ushahidi kwamba ni mwalimu tu, hajawahi kugusa bunduki.

Sikujua akamimina. Yule bwana akakunja shati mpaka viwikoni, akavua pete, akaibana kwa meno, ndipo akaanza kusugua mikono.

Sikujua alikuwa ameshaona pete ikibanwa vile. Akamimina maji nje ya beseni.

"Polepole, binti," alisema mgeni, pete ikiwa bado menoni. "Wewe wa wapi?"

"Bukavu."

Alidanganya. Kwao ni Kabumbe, na mama yake alikuwa bado huko. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini vijana wa bwana huyu, wale wenye bunduki, walikuwa wakizurura kijijini na hakuna aliyewashtaki.

Jikoni, Mama Honorata alikuwa akisonga ugali. Alimtania kwamba anatweta kama aliyemnawisha chui. Sikujua hakucheka. Akinyamaza, mtu yule atapewa hifadhi, na hakuna atakayemwuliza tena. Akisema, je, mama yake kule Kabumbe?

"Mama," alisema taratibu, "huyu nilishamnawisha. Uani kwetu. Baba alikuwa amelala pale pale, hata hajapoa."

Mwiko ukasimama. Honorata akazima jiko, akaita, "Papa Elkanah, njoo kidogo."

Sebuleni viti viwili vikasogea. Elkanah aliingia, na nyuma yake mgeni akasimama mlangoni, akiuliza kwa upole kama kuna tatizo.

Sikujua akashika ukingo wa meza. Akataja Kabumbe. Kisha akataja jina la baba yake.

Elkanah akageuka. Mgeni alikuwa akiizungusha pete kidoleni, akiivuta, kama mtu anayesubiri maji.

"Kesho kwa jaji nitakuja," Elkanah alimwambia. "Na binti huyu nitakuja naye."

Sikujua aliitikia kwa kichwa.