Tarakimu ya Tatu

Sleiman alikuwa ameshaandika moja na tano, brashi ikielekea kwenye tarakimu ya tatu, kobe alipoamua kuondoka.

"Tulia basi, bwana mkubwa," alimnong'oneza, akamshika gamba kwa mkono wa kushoto.

Kila mwaka mvua za masika zikishapita, rangi ya buluu ilikuwa imebambuka, na Sleiman ndiye aliyeandika upya umri wa makobe wa kisiwa cha Changuu, mmoja mmoja, akiongeza mwaka. Kwanza alisugua gamba kwa kitambaa chenye maji, akalikausha, akatazama daftari, ndipo akachovya brashi. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumzeesha kobe hata mmoja kwa makosa.

Kurasa za nyuma za daftari hilo zilikuwa na mambo mengine. *Cárcel*, gereza. *Preso*, mfungwa. *Juez*, hakimu. *Llave*, ufunguo. Neno moja kwa siku, kwa mwandiko ule ule wa pole.

"Shikamoo, ami Sleiman!"

Alikuwa Sumaiya, mtoto wa mtaa wa Malindi mjini, aliyejifunza Kihispania kwenye hoteli moja ya Kendwa na sasa akiwaleta wageni wa Kihispania kisiwani.

"Marahaba. Wangapi leo?"

"Kumi na wawili, na mmoja keshaungua na jua. Haya, leo wataka neno gani?"

Sleiman alifuta tone la rangi kidoleni. "Rufaa."

"Rufaa! Makobe wako wanakata rufaa, ami?" Sumaiya alicheka mpaka akashika mtandio usianguke. "Mgeni huuliza kobe anakula nini. Wewe juzi ulinitaka wakili, jana dhamana. Unataka kutembeza watu au unataka ukadhi?"

"Mtu hajui ataulizwa nini, mwanangu."

"*Recurso*. Andika. Na mwambie mwanao Samir, meli yake ikitia nanga Uhispania, aniletee mafuta ya zeituni."

"Ntamwambia," alisema Sleiman, akainamia daftari.

Samir hakuwa melini. Ulikuwa mwezi wa nane tangu meli aliyokuwa akifanyia kazi ishikwe bandarini huko, naye akakamatwa, kwa shehena ya haramu ambayo yeye, kwa kauli yake katika simu ya mwisho, hakuijua. Nyumbani mkewe, Bi Maha, alikata shauri siku ile ile: mtoto amesafiri. Majirani wakaendelea kumpa Sleiman salamu za kupeleka, naye akazipokea zote.

Kisha ikaja barua ya wakili, ukurasa mmoja na nusu wa Kihispania. Sleiman hakuthubutu kuipeleka kwa vijana wa Darajani wanaochapa na kutafsiri. Kabla ya alasiri habari ingekuwa imefika mtaani. Alimwambia Sumaiya kwamba anataka kuwaeleza wageni mwenyewe habari za gereza la kisiwani, akaanza kukusanya maneno. Lakini kila alivyozidi kuyajua, ndivyo barua ilivyozidi kumchanganya. Mstari mmoja ulikuwa na gereza. Wa chini yake ulikuwa na uhuru. Ni uhuru aliopewa, au alionyimwa? Ameshahukumiwa, au ni mahabusu bado? Sleiman aliyapanga maneno kama mtu anayepanga vipande vya chungu asichopata kukiona kizima. Alichokuwa na yakini nacho ni namba yake mwenyewe ya simu, na tarehe na saa: kesho asubuhi. Kesho wakili angepiga, naye Sleiman angetakiwa kusema kitu.

"Leo uwaeleze wewe," alisema Sumaiya. "Miezi miwili nakufundisha. Usinitie aibu."

"Leo? Nna kobe hapa, rangi mbichi."

"Kobe hendi mbali. Njoo."

Walisimama mbele ya kuta nene za jengo la zamani, wageni wamepanga nusu duara. Sleiman alifungua daftari, akalifunga. "*Esta es la cárcel*," alisema. Hili ndilo gereza. Wakaitikia kwa vichwa. Aliwaambia, neno baada ya neno, kwamba lilijengwa liwe gereza, likaja kuwa pahala pa kuwatenga wagonjwa, na kwamba hapakufungwa mtu. Sumaiya alimkonyeza kwa furaha.

Mzee mmoja wa Kihispania aliuliza jambo refu. Sleiman alilisikiliza lote. Hakuokota humo ila *preso*. Wote walikuwa wakimtazama. Kichwani akatafuta sentensi yoyote iliyo nzima, akapata moja tu, ile aliyoitengeneza kwa siku sita kwa ajili ya simu ya kesho.

"*El preso*," alisema polepole, "*¿puede llamar a su padre?*"

Mfungwa, anaruhusiwa kumpigia simu baba yake?

Wageni walicheka, wakidhani ni mzaha. Kisha mwanamke aliyekuwa mbele aliacha kucheka. Sumaiya hakucheka kabisa. Aliwaelekeza wageni kwa makobe, akawagawia mchicha, akarudi. Sleiman alikuwa amekaa kwenye kizingiti, barua mapajani.

"Tangu lini, ami?"

"Huu mwezi wa nane sasa."

Sumaiya alipokea karatasi, akasoma mistari mitatu, midomo ikicheza. Boti ikapiga honi. Akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akamrudishia.

"Imesema nini?"

"Kuna ya kheri na kuna ya kutisha, na mengine ni ya mahakamani, siyajui. Nikiifanyia haraka ntakwambia uongo. Naona wakili atapiga simu. Lini?"

"Kesho asubuhi."

"Ntakuja na boti ya mwanzo. Tuisome yote, halafu tumngoje huyo wakili pamoja."

Sleiman alitazama chini. "Na mjini?"

"Mjini Samir yuko melini," alisema Sumaiya. "Na mafuta yangu nayataka."

Sumaiya alipokwenda, Sleiman alirudi kwenye brashi. Ilikuwa imeanza kukauka. Kobe alikuwa ameshajikokota hadi chini ya kichaka, moja na tano zikimeta mgongoni, na kando yake pahala patupu pa tarakimu moja. Sleiman alifungua daftari atazame ni ngapi. Akalifunga, akafunika kopo la rangi; ya tatu ingengoja kesho.

Kobe alichuma jani, akaanza kulitafuna.